Uzi wa Chama Nyumbani kwa Mfumaji

Chama kidogo cha wafumaji kisichokuwa na ghala hakina budi kuiweka mali yake majumbani mwa wanachama. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika upande wa Temeke hadi Mwananyamala na Kawe upande wa Kinondoni, utaratibu wa kawaida kwa kikundi cha namna hiyo ni kununua uzi kwa pamoja Kariakoo, kuupima kwa mizani, na kumpa kila mfumaji fungu lake. Tangu saa hiyo mali ya chama hukaa chini ya kitanda, juu ya kabati, au ndani ya sanduku la bati pamoja na nguo za watoto. Mkaguzi wa hesabu anapofika huuliza uzi uko wapi na ni kiasi gani, na katibu hana la kumwonyesha ila daftari. Daftari na mizani visipopatana, ndipo maneno yanapoanza.

Kabla mwanachama hajatuhumiwa kuwa ameuza uzi wa wenzake, ifahamike kwamba uzi una tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Sufu, yaani manyoya ya kondoo (wala si sufi ya kujazia mito), huweza kubeba maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake bila kuonekana kuwa imelowa. Pamba hunywa kiasi kidogo zaidi, na akriliki, ambayo ni uzi wa kiwandani usiotokana na mnyama wala mmea, hainywi karibu chochote. Hivyo kilo moja ya pamba iliyogawiwa asubuhi ya mvua wakati wa masika, ikirudi mizanini siku kavu ya kipupwe, inaweza kupungua gramu 20 au 30 hali haijaguswa na mtu. Kwa sufu upungufu unaweza kuzidi hapo. Vyama vimepata kugombana kwa gramu chache ambazo hakuna aliyeziiba. Njia iliyo salama ni kuuanika uzi kivulini, mahali penye hewa, kwa saa kadhaa kabla ya kuupima, wakati wa kuutoa na wakati wa kuupokea. Kutumia mizani ile ile. Na mkutano wa wanachama kuamua mapema upungufu gani utasamehewa kwa kila aina ya uzi. Uamuzi huo uandikwe katika muhtasari, kwani jambo lililobaki kichwani mwa katibu pekee halimlindi mwanachama. Kwa akriliki msamaha mkubwa hauna sababu.

Jambo la pili ni karatasi inayofungwa juu ya donge la uzi, ambayo wafumaji wengi huitupa siku ya kwanza. Karatasi hiyo ndiyo shahada ya uzi. Hutaja uzi ni wa nini, uzito wake, namba ya rangi, na namba nyingine inayoandikwa pamoja na neno "Lot". Namba hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Kiwanda hutia rangi uzi mwingi katika pipa moja, kisha hutayarisha pipa jingine. Na hata kanuni ikiwa moja, rangi ya pipa la pili haifanani kabisa na ya kwanza. Tofauti haionekani dukani wala chini ya taa ya ndani. Huonekana sweta linapokwisha na kuvaliwa juani, kifua kikiwa kijani cha namna moja na mikono ya namna nyingine.

Tuseme chama kimepata oda ya sweta 60 kutoka shule iliyoko penye baridi, Lushoto au Makete. Ikiwa kila sweta litahitaji kama gramu 250, oda nzima ni kilo 15, sawa na madonge 150 ya gramu 100. Uzi huo ukiwa umetoka katika mapipa mawili na kugawiwa bila kutazama namba, sweta zitarudi chafu machoni ingawa kila fundi amefuma vizuri. Hasara hiyo haina wa kulipa ila chama chenyewe. Kwa hiyo namba ya pipa iandikwe katika daftari la uzi, kwenye mstari wa mwanachama aliyepewa, na uzi wa sweta moja utoke katika pipa moja. Nyumbani, karatasi isitupwe mpaka kazi iishe. Donge likifunguliwa, karatasi itumbukizwe katika mfuko mmoja na uzi wake, au mfumaji akate kipande cha uzi na kukifunga katika karatasi hiyo kwa ukumbusho.

Karatasi ikishapotea, aina ya uzi yaweza kujulikana kwa moto. Kipande kifupi kikichomwa juu ya sahani ya bati, sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Lakini hakuna jaribio la nyumbani litakalorudisha namba ya pipa.

Mahali pa kuweka uzi hapahitaji fedha nyingi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, iliyooshwa na kukauka kabisa, yatosha kwa mfumaji mmoja, mradi uzi uingie ukiwa mkavu. Unyevu uliofungiwa ndani huzaa ukungu, na pamba hushika madoa upesi. Ndoo ifunguliwe kila baada ya juma moja au mawili, hasa wakati wa masika na vuli. Isikae dirishani, kwa maana jua huipausha rangi, wala sakafuni. Walioshuhudia mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake wakazi wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, hawahitaji maelezo zaidi kuhusu sakafu. Mifuko laini ya plastiki iliyoitwa rambo, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ghala la kila mfumaji, ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kwa uzi haikuwa na faida kubwa: ilipasuka, panya waliingia, na jasho la ndani halikuwa na pa kutokea. Uzi usikazwe sana unapozungushwa donge, kwa sababu uliovutwa kwa miezi hurudi kimo chake baada ya kufuliwa, na sweta hupungua.

Nondo ni adui wa sufu peke yake. Pamba safi na akriliki hawana haja nazo. Anayekula si kipepeo anayeruka bali kiwavi wake, mdogo kama punje ya mchele, anayependa mahali pa giza pasipoguswa. Mara nyingine huingia na sweta za mitumba zinazonunuliwa Manzese au Tandika ili zifumuliwe. Sweta ya namna hiyo ifuliwe na kukauka kabla ya kukaribia uzi wa chama. Aliye na jirani muuza barafu aweza kuomba nafasi katika jokofu la kugandishia: sufu ifungwe vizuri, ikae juma moja, kisha ikitolewa isifunguliwe mpaka baridi yote iishe.

Vidonge vyeupe vya naftalini huuzwa kila soko, na ndivyo vinavyopaswa kuogopwa zaidi ya nondo wenyewe. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika chembe nyekundu za damu, na upungufu huu ni wa kawaida katika nchi zenye malaria. Mvuke wa naftalini uliobaki katika nguo au blanketi humfanya mtoto kama huyo avunjike chembe za damu, akapata manjano kali ambayo huweza kudhuru ubongo au kuua. Mfumaji hawezi kumjua mtoto huyo kwa kumtazama, na sweta, kofia na soksi za watoto wachanga ni sehemu ya biashara ya wafumaji wengi.

Kwa hiyo uzi wa nguo za watoto usiwekewe naftalini hata kidogo, wala usikae sanduku moja na nguo zilizowekewa. Chama kinachopokea uzi wenye harufu hiyo kutoka kwa mwanachama kiutenge kwa kazi ya vitambaa vya makochi na mazulia, na katibu aandike hivyo katika daftari. Mzazi akimwona mtoto mchanga amegeuka manjano machoni au ngozini, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, na amweleze mganga kama nguo zake zilihifadhiwa kwa vidonge.