Msimu wa Kandanda katika Vyuo Vidogo vya Misheni: Kutoka Kiungani hadi Kisauni

Utangulizi

Abiria anayeshuka matatu pale Kengeleni, katika lango la Kisauni, hupita karibu na mnara mdogo wa kengele, aghalabu pasipo kuutazama mara mbili. Kengele hiyo ndiyo iliyopa mahali hapo jina. Ililizwa kuwaonya wakazi wa Freretown kila palipokuwa na hofu ya wavamizi waliotaka kuwarudisha utumwani. Jioni, vumbi la eneo hilohilo hutimuliwa na vijana wacheza mpira. Ni nadra mtu kuyaweka mambo hayo mawili, kengele na mpira, katika fikira moja. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo.

Swali letu ni hili: timu ya chuo kidogo cha pwani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, iliupitisha vipi msimu wake wa kandanda? Tutatumia vyuo viwili kama vielelezo. Kiungani cha Unguja ndicho kitakachotuonyesha mchezo wenyewe, na Freretown ya Kisauni itatuonyesha mazingira ya bara ya Mombasa. Dai letu ni kwamba wamisionari waliuleta mchezo huu pamoja na makusudi yao na kanuni zake, lakini wenyeji waliupa majira na lugha. Ushahidi wa dai hili hauhitaji kutafutwa kabatini. Umo vinywani mwetu.

Vyuo na wanafunzi wake

Mwaka 1873, kufuatia ujumbe wa Sir Bartle Frere, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Watu waliookolewa majahazini walihitaji mahali pa kukaa. Ndipo mwaka 1875 Kasisi W. S. Price wa Church Missionary Society alipoanzisha makazi ya Freretown. Baadhi ya viongozi wa mwanzo wa makazi hayo walikuwa Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walitawazwa mashemasi mwaka 1885. Mwaka 1903 kilianzishwa hapo chuo cha kuwaandaa makasisi Waafrika.

Upande wa Unguja, misheni ya UMCA ilikuwa na chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini mwa mji. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa vijana waliokombolewa, wakitoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Mwaka 1887 A. C. Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi mashuhuri za Kiswahili, alichapisha masimulizi ya vijana hao kuhusu kutekwa kwao. Mwaka uliofuata lilianza kutoka gazeti la Msimulizi, ambamo watu wa Kiungani walijizoeza kuandika nathari ya Kiswahili kuhusu mambo ya kila siku.

Ni vyema msomaji akumbuke hali ya vijana hao. Wengi hawakuwa na mjomba wala shangazi wa karibu, na ukoo wao ulikuwa mbali kiasi cha kutofikika. Lugha iliyowaunganisha, yaani Kiswahili, haikuwa lugha ya mama zao. Kwa kijana wa namna hiyo, kuitwa miongoni mwa kumi na mmoja kulikuwa na uzito ambao sisi tuliokulia nyumbani kwetu hatuupimi kwa urahisi. Timu ilikuwa mahali pa kusema "sisi".

Kwa nini mpira?

Kandanda na kriketi zilichezwa Kiungani kwa sababu walimu wake walitoka katika shule na vyuo vikuu vya Uingereza, ambako michezo ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi. Waliamini kwamba uwanja hufunza utii, ustahimilivu na kumtanguliza mwenzio. Palikuwa na sababu nyingine pia: saa za jioni zilihitaji kujazwa. Wamisionari wengi waliitazama ngoma kwa shaka, na mpira ulionekana kuwa mbadala salama.

Haikuwa vigumu kuuona mchezo huo nje ya chuo. Kampuni ya simu za chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879 pamoja na wafanyakazi wake Waingereza, na manowari za Uingereza zilitia nanga bandarini mara kwa mara. Mombasa nako, ujenzi wa reli ulioanza mwaka 1896 ulileta umati wa watu kutoka kila upande.

Msimu na majira

Neno msimu lina asili ya Kiarabu. Kwa mabaharia wetu lilihusu majira ya pepo, pale kaskazi inapoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi inapoyarudisha. Msimu wa kandanda wa Uingereza ulianza mwezi Septemba na kumalizika Aprili, kwa kuwa huko mpira ni mchezo wa baridi. Kalenda hiyo haikuweza kupandikizwa pwani kama ilivyo. Miezi ya kaskazi ni ya joto kali, na masika huanza kuelekea mwisho wake, viwanja vikageuka madimbwi. Hapa saa ya mpira ni baada ya alasiri, jua likiwa limelegea, nayo ni saa fupi, kwani magharibi yetu haingoji.

Kisauni ilikuwa na tatizo la ziada, nalo ni maji. Daraja la kuelea la Nyali lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na daraja tulitumialo leo lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla ya hapo, aliyetoka Freretown kwenda kisiwani alivuka kwa chombo. Kwa hiyo mechi ya ugenini haikuwa jambo la kuvaa viatu na kutoka tu. Wachezaji walipaswa kutafuta mashua, kuangalia maji, na kurudi kabla ya giza. Chuo kidogo hakikuwa na mechi nyingi, na kila moja ilikuwa safari.

Kanuni za wakati ule

Mchezo wenyewe ungemshangaza mtazamaji wa leo. Hadi mwaka 1912, kipa aliruhusiwa kuudaka mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Hadi mwaka 1925, mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea iwapo wapinzani waliokuwa kati yake na mstari wa goli hawakufika watatu, ilhali leo wawili watosha. Wachezaji wa akiba hawakuwepo katika kanuni. Aliyevunjika mguu alitoka, na wenzake wakaendelea wakiwa kumi. Chuo chenye wanafunzi wachache kilihisi ukali wa kanuni hiyo kuliko timu yoyote, maana homa ya malaria nayo haikungoja ruhusa ya refa.

Mfumo uliotawala ulikuwa wa mabeki wawili, mahafu watatu na mafowadi watano. Mpira ulikuwa wa vipande vya ngozi vilivyoshonwa, ndani yake kibofu cha mpira, na tundu lake likifungwa kwa kamba. Uliponyeshewa ulikunywa maji ukawa mzito, na aliyeupiga kichwa upande wa kamba alikumbuka kwa muda.

Lugha ya uwanjani

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama kidogo. Istilahi za mchezo ziliingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni utohozi: goli, kipa, refa, kona, penalti, beki, winga. Hafu na fowadi ni masalio ya mfumo wa zamani, yaliyosalia katika lugha hata baada ya mfumo wenyewe kuachwa.

Njia ya pili ndiyo yenye siri. Neno mpira lilitaja kwanza utomvu wa mmea, bidhaa iliyouzwa kutoka bara. Chombo cha mchezo kikaitwa kwa jina la kibofu kisichoonekana, ilhali ngozi inayoonekana ikatupa gozi. Bao lina ujamaa na mchezo wa bao, uliochezwa barazani kabla ya Mwingereza yeyote kuchora mistari ya chokaa. Kuotea ni kitenzi cha mwindaji anayevizia. Nako kulisakata kabumbu kunatumia kitenzi kilekile tunachokitumia tunaposakata dansi. Tuseme basi kwamba ngoma iliyofukuzwa mlangoni iliingia kwa dirishani. Mji wa Mombasa wa wakati huo ulikuwa ukishindana kwa beni, Kingi dhidi ya Scotchi, na watu waliozoea ushindani wa namna hiyo hawakuhitaji kufunzwa ushabiki.

Hitimisho

Vyuo hivi viwili viliondoka pwani karibu wakati mmoja. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia Minaki, Tanganyika, mwaka 1925, na kile cha Freretown kilihamia Limuru mwaka 1930. Kati ya tarehe hizo, yaani mwaka 1926, Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, na kandanda ikawa jambo la nchi nzima. Tangu hapo historia ya mchezo huandikwa kwa majina ya makombe.

Hata hivyo, kabla ya makombe palikuwa na vijana waliotolewa majahazini, waliopewa kanuni za kigeni, wakacheza saa za alasiri kati ya masika na kusi. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alitupa Uhuru wa Watumwa, na Freretown ikapata kitabu chake. Mpira wao haujapata kitabu. Sisi tunaosoma Kiswahili tunaweza kuanza na wazee wa Kisauni walio hai, tukiwauliza waliuitaje mchezo huu, waliushangilia kwa nyimbo gani, na walivuka vipi kwenda kucheza. Maneno hayo ni fasihi yetu pia, na wenye kuyajua wanapungua kila mwaka.