Saratani ya Ngozi Haibagui Rangi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Saratani ya ngozi i karibu kuliko nguo, na bado wakazi wengi wa Eastlands jijini Nairobi huidhania kuwa maradhi ya Wazungu. Hebu na tuitazame sura ya Bob Marley iliyochorwa kwenye matatu zetu. Mwanamuziki huyo aliaga dunia mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa Mwafrika, aghalabu melanoma huzuka pasipopigwa na jua: katika wayo, kiganja au chini ya ukucha.

Juzi mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, mkazi wa Jericho, alinijia na swali. Nyanya yake ana doa jeusi wayoni, linalopanuka, naye hulipaka dawa akidhani alichomwa na mwiba. Je, daktari atatambuaje kuwa ni saratani?

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Hata hivyo, katika isimu tuna istilahi ya udondoshaji, yaani kupotea kwa sauti katika neno. Neno "mtu" lilidondosha irabu ya kiambishi "mu-", nalo linaishi salama. Seli nayo hudondosha. Ina kromosomu 46, katika jozi 23. Katika kromosomu ya 9 mna jeni iitwayo CDKN2A, ambayo ni kama breki ya kuzuia seli isigawanyike ovyo. Katika melanoma nyingi jeni hiyo imedondoka, na seli isiyo na breki huzaana bila kikomo.

Upungufu huo huonekana. Kipande cha doa hukatwa, kikatiwa kemikali ing'aayo inayonata kwenye jeni hiyo pekee. Chini ya hadubini, seli kamili huonyesha nukta mbili. Seli nyingi zikikosa moja au zote, daktari hupata ushahidi wa kuongezea umbo la seli anazoziona.

Nilimhimiza kijana ampeleke nyanya hospitali bila kukawia. Alinijibu kwa unyonge kwamba habari za kromosomu alifundishwa kwa Kiingereza, na hajui aanzie wapi kumweleza.

Hapo ndipo penye kosa letu. Walimu wa biolojia na wa Kiswahili hawana budi kushirikiana, ili elimu ya darasani ifike nyumbani kabla ya maradhi kukomaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.