Mechi au tamasha? Pima kabla ya kubeba mzigo

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa Kibaha na Kisarawe wana bahati ya kuwa jirani na Jiji la Dar es Salaam. Mechi kubwa inapochezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, au tamasha la muziki linapoandaliwa jijini, wapo wanaokwenda kuburudika na wapo wanaokwenda kuuza mayai, mihogo, korosho na madafu.

Wengi huziona shughuli hizo mbili kuwa kitu kimoja: watu wengi, kelele nyingi, fedha nyingi. Lakini mtu wa mpirani na mtu wa muziki hawali kwa saa moja, hawana haraka moja, wala hawarudi nyumbani na moyo mmoja. Mfanyabiashara asiyeijua tofauti hiyo hurudi na mzigo wake kichwani.

Dakika 90 na usiku kucha

Mechi ina saa yake. Mpira ukianza saa 11 jioni, kabla ya saa 2 usiku uwanja umeanza kubaki mtupu. Biashara kubwa hufanyika nje, mashabiki wanapoingia, na hapo kila mtu ana haraka ya kuwahi nafasi. Atanunua kitu cha kushika mkononi na kula huku akitembea: yai la kuchemsha lenye kachumbari, kifuko cha karanga au korosho, kipande cha muhogo. Hasimami kusubiri chipsi ziive.

Tamasha halina haraka hiyo. Tangazo linaweza kusema saa 12 jioni, lakini msanii anayesubiriwa na wengi akapanda jukwaani usiku wa manane. Watu hufika kwa mafungu, hutoka, hurudi, husimama na kucheza kwa saa nyingi. Njaa huwapata usiku, na wakati huo hutaka chakula cha moto: mishikaki, mihogo ya kukaanga, na alfajiri supu. Muuza mayai aliyemaliza mzigo saa 3 usiku amefunga duka wakati wateja ndiyo kwanza wanaanza kuhisi njaa.

Aidha, ipo hesabu ya kurudi. Mechi ya jioni ikiisha, wa Kisarawe anaweza kuwahi daladala ya kupitia Gongo la Mboto na Pugu, na wa Kibaha akapata gari la Barabara ya Morogoro. Tamasha hukuacha barabarani saa 9 usiku. Ama unakodi bodaboda kwa bei ya usiku, ama unangoja kuche. Hili linamhusu pia anayekwenda kuburudika tu: kabla ya kutazama kiingilio, atazame nauli ya kurudi.

Mpirani kuna anayeshindwa

Tofauti nyingine iko moyoni. Kwenye muziki wote wako upande mmoja. Wimbo ukipigwa wanaimba pamoja, na hakuna anayetoka amefungwa. Mpirani watu hukaa kwa rangi, nyekundu kwake na kijani kwake, na hakuna anayejua mwisho wake. Utamu wa mpira uko hapo hapo.

Kwa mfanyabiashara, jambo hilo lina bei. Timu ikishinda, mashabiki wake hubaki nje wakishangilia na kununua. Ikifungwa, hukimbilia magari. Hivyo, mwenye busara hahesabu mauzo ya baada ya mechi ya watani wa jadi, kwa kuwa nusu ya wateja huondoka wamenuna. Mzigo wake huwa umekwisha kabla ya filimbi ya kwanza.

Ratiba huvunjika

Hatari kubwa zaidi ni shughuli kutofanyika kabisa. Mei 8, 2021, mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa saa ya awali, wakaondoka, na mchezo ukaahirishwa wakati mashabiki wamekwisha kufika. Machi 8, 2025, mechi ya timu hizo hizo iliahirishwa siku ile ile iliyopangwa kuchezwa, ikaja kuchezwa Juni 25.

Muziki nao hauna kinga. Novemba 2018, tamasha la Fiesta lililokuwa lifanyike Leaders Club, Kinondoni, liliahirishwa dakika za mwisho baada ya manispaa kuzuia.

Siku kama hizo mwenye tiketi huweza kusubiri tarehe nyingine. Mwenye ndoo ya mayai yaliyochemshwa hawezi.

Hesabu ya mayai

Tuseme mama mmoja wa Kibaha ananunua trei tano za mayai kwa shilingi 9,000 kila moja. Hiyo ni shilingi 45,000 kwa mayai 150. Nauli, mkaa, chumvi na kachumbari vinamgharimu 12,000. Akiuza yote kwa shilingi 500, anapata 75,000 na faida yake ni 18,000.

Akichemsha yote 150 kisha akauza 75 tu, anapata 37,500 na hasara yake ni 19,500. Lakini kama angechemsha 75 kwanza na kuyauza hayo, mayai 75 mabichi yangebaki nyumbani salama. Angekuwa ametumia mayai ya 22,500 na gharama zile 12,000, na mkononi angebaki na faida ya 3,000. Wateja ni wale wale, mauzo ni yale yale. Kilichomwokoa ni kutochemsha. Weka bei za kwako ufanye hesabu hiyo.

Kwa mkulima wa Kisarawe kanuni ni ile ile. Muhogo mbichi ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, lakini ukiwa ardhini unangoja. Using'oe shamba kwa sababu ya tangazo la redio la wiki iliyopita. Ng'oa siku moja kabla, ukiwa na uhakika kuwa shughuli ipo. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa hazina presha hiyo, zikifungwa vizuri zisipate hewa.

Siku yenye yote mawili

Zipo siku muziki na mpira hukutana. Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza 2019, huwa na wasanii kabla ya mechi ya kirafiki. Mashabiki wengi huwa wa timu moja, hufika mapema na hukaa muda mrefu. Mfanyabiashara hupata saa nyingi za tamasha. Kwa mwenye mtaji mdogo, siku hizo zinafaa kuanzia.

Soko la jirani

Hata hivyo, si lazima kila mara kwenda mjini. Uwanja wa Mabatini, Mlandizi, ulikuwa ukipokea timu za Ligi Kuu wakati Ruvu Shooting ilipokuwa huko, kabla ya kushuka daraja mwaka 2023. Mechi za ndondo vijijini, singeli na ngoma ya mdundiko Kisarawe huleta watu wachache, lakini nauli haipo na mzigo uliobaki unarudi jikoni.

Hivyo basi, kabla ya kubeba mzigo jiulize mambo manne: inaanza saa ngapi kwa kweli, watu watakula wakiwa wanatembea au wamesimama, nitarudi na gari gani, na ikiahirishwa nitapoteza kiasi gani. Kama jibu la swali la mwisho ni mtaji wote, punguza mzigo nusu.