Saa 15 kitini: hatari iliyo miguuni

KUTOKA Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Ndege iendayo moja kwa moja, safari zilizoanza Oktoba 2018, huchukua karibu saa 15.

Wengi huogopa hewa nyepesi ya angani. Kwa mkazi wa Nairobi mwenye afya, hofu hiyo haina msingi: hewa ya ndani ya ndege huwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, nasi tunaishi kwenye mita 1,700 hivi.

La kuogopwa ni kiti. Ukikaa sana bila kusogea, misuli ya shavu la mguu haisukumi damu irudi moyoni. Damu hutuama na huweza kuganda, na donge likifika mapafuni laweza kuua. Mnamo 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari hii takriban maradufu, ingawa anayepatwa ni kama abiria 1 kati ya 6,000. Hata msafiri wa basi la Mombasa yumo.

Mjamzito, atumiaye tembe za kupanga uzazi au aliyepasuliwa majuzi amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Wengine, inukeni mara kwa mara, mzungushe vifundo vya miguu, na dawa za usingizi ziacheni nyumbani.

Hatari hudumu wiki 4 hivi baada ya kutua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande. Nenda hospitali na umweleze daktari kwamba ulisafiri. Pumzi zikikatika au kifua kikichoma, usingoje kuche.