Faida Ipo Vitabuni, Fedha Ziko Wapi?

Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, mgodi wa North Mara huko Nyamongo, wilayani Tarime, haukuguswa moja kwa moja. Dhahabu yake hutoka ikiwa mikuo, si makinikia. Lakini mmiliki wake, kampuni ya Acacia, alikuwa pia na Bulyanhulu na Buzwagi, na makinikia ya migodi hiyo yalibaki kwenye makontena, 277 kati ya hayo yakizuiliwa bandarini Dar es Salaam. Acacia iliuanza mwaka huo na takriban dola milioni 318 taslimu, ikaumaliza na milioni 81 hivi.

Faida peke yake isingeonyesha hali hiyo mapema. Gharama za kuchimba na kusaga mzigo ambao haujauzwa haziondolewi kwenye faida. Huandikwa kuwa thamani ya mali iliyoko ghalani. Marejesho ya VAT ambayo bado hayajalipwa nayo huandikwa kama mali. Fedha zimeshatoka, faida haijatikisika.

Pengo hilo hupimwa kwa uwiano wa malimbikizo: chukua faida halisi, toa fedha zilizoingia kutokana na shughuli za biashara, kisha gawanya kwa wastani wa mali zote.

Tuseme mfanyabiashara wa jumla wa Sirari ametangaza faida ya shilingi milioni 10, lakini biashara imemwingizia milioni 2 tu. Milioni 8 ziko kwenye madaftari ya wakopaji na mifuko iliyojaa stoo. Mali zake zikiwa wastani wa milioni 40, uwiano ni asilimia 20. Ikiwa mwaka jana ulikuwa asilimia 5, anayetaka kumkopesha ana haki ya kuuliza ni nani anadaiwa, na tangu lini.

Mwaka 1996 mtafiti Richard Sloan alionyesha kwa takwimu za makampuni ya Marekani kwamba faida iliyojengwa juu ya malimbikizo hudumu kidogo kuliko ile iliyokwishageuka fedha, na kwamba wanunuzi wa hisa mara nyingi hawakulitambua hilo.

Ukivuka kwenda wilaya jirani ya Serengeti, mambo hugeuka. Hoteli ya kitalii inayopokea malipo ya awali kabla nyumbu hawajafika Mto Mara ina fedha mkononi ambazo bado hazijahesabiwa kuwa mapato, hivyo uwiano wake huweza kushuka chini ya sifuri.

Hata hivyo, uwiano hasi si cheti cha afya. Mwaka huohuo wa 2017 Acacia ilitangaza hasara ya takriban dola milioni 700, sehemu kubwa ikitokana na kushusha thamani ya migodi vitabuni. Hatua hiyo haitoi hata senti benki, lakini huuburuta uwiano chini kabisa.

Mwaka 2019 kampuni ya Barrick ilinunua hisa za Acacia ambazo haikuwa nazo, na sasa serikali ina asilimia 16 ya North Mara. Mrabaha wa dhahabu, kwa kawaida asilimia 6, hutozwa kwenye thamani ya mauzo. Ushuru wa huduma wa halmashauri hufuata mapato ghafi. Malimbikizo hayavigusi sana. Gawio la hizo asilimia 16 ndilo linalohitaji faida ambayo tayari imefika benki.