Blanketi la magoti la mama, na namna nilivyolimalizia

Ndugu zangu tuliotoka na lisansi, na ninyi mnaoandika bado memwari yenu, leo siandiki juu ya barua za kuomba kazi. Naandika juu ya kushona. Mwenye kucheka acheke kwanza, tutamngojea.

Anayejua Kamina anajua baridi yake. Watu wa mbali wanafikiri Kongo yote ni joto, lakini mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua zikishaisha, kuanzia mwezi wa sita, asubuhi na mapema unakuta watu wamezunguka mbabula, kila mtu amejifunga vitenge viwili. Kwa kijana ni jambo la kuvumilia. Kwa mama yangu haiko vile tena. Mwaka jana tansio ilimpanda, mkono na mguu wa kuume vikalegea. Sasa anashinda kwenye kiti, na baridi inamwingia magotini.

Kabla ya ugonjwa alikuwa ameanza blanketi dogo la viraka, la kuweka juu ya magoti mtu akiwa amekaa. Mama alishona maisha yake yote kwa mashini nyeusi ya Singer, ile ya kukanyaga kwa miguu, isiyoomba umeme kwa mtu. Ada zangu za masomo zilitoka chini ya sindano ile. Nami, ukweli niuseme, nilipokuwa mwanafunzi sikupenda wenzangu wajue. Mwezi wa nne nikakuta mfuko chini ya kitanda chake: viraka 30 vya vitenge, 20 vimekwisha kuunganishwa, 10 vimefungwa kwa kamba. Kulikuwa na kitenge cha 8 Machi, cha ndoa ya yaya, cha kilio cha baba, na kipande kimoja cha waksi ya Uholanzi, ya Vlisco, kiwanda cha Helmond kilichoanza 1846. Kile cha mwisho alikuwa amekiweka katikati kabisa. Mama na heshima zake!

Nikamwambia, “Mama, nitamalizia miye.” Tangu ugonjwa alikuwa haongei sana. Akaniangalia, akasema: “Weye? Basi leta mashini hapa mbele yangu, nione.”

Hapo mbele yake ni karibu na dirisha, na dirisha linaangalia barabara. Mnaelewa.

Kuunganisha viraka si kazi ngumu. Kila kimoja kimekatwa sentimeta 22, mshono unakula 1 kila upande, kinabaki 20. Tano kwa sita, unapata mita 1 kwa mita 1.20. Kinachotaka uangalifu ni pasi: kila mshono ukimalizika unapitishiwa pasi ya makala, na mishono ya mstari mmoja inalazwa kulia, ya mstari unaofuata kushoto. Ukilaza yote upande mmoja, pale pembe nne zinapokutana panakuwa kinundu, na sindano haipendi vinundu. Mimi sindano namba 14 ilivunjika hapohapo. Nikaweka 16, na juu ya vinundu nikawa nazungusha gurudumu polepole kwa mkono.

Watu wengi wanaishia hapo. Wana uso mzuri wa viraka ndani ya mfuko, miaka inapita, juu hawajui namna ya kuufanya blanketi. Blanketi la namna hii lina matabaka matatu: viraka juu, kitu cha joto katikati, kitambaa kizima chini. Madukani mwetu ile pamba ya kutandaza katikati haipatikani kirahisi, basi tulitumia blanketi jembamba la zamani. Lilifuliwa kwanza. Kitu kisichofuliwa kikijifinya baadaye, kinavuta kazi yote pamoja nacho. Chini tukaweka kitenge kimoja cha yadi 2. Kina urefu wa sentimeta 183 hivi na upana kama 115, kwa hiyo kinatosha na kuzidi uso wa juu kila upande. Ni lazima kizidi, kama sentimeta 5, kwa sababu wakati wa kushona matabaka yanatembea.

Kwa nini yanatembea? Hili nilielewa baada ya kufungua mishono ya siku nzima. Chini ya sindano kuna meno yanayovuta kitambaa kwenda nyuma. Juu kuna kiguu kinachobana. Meno yanashika tabaka la chini tu. La juu linakokotwa, linachelewa. Ukiwa na vitambaa viwili vyepesi huoni kitu. Ukiwa na matabaka matatu, moja likiwa nene, kule mwisho wa mstari unakuta kitambaa kimejikusanya kama paji la uso la mwalimu aliyekasirika. Na upande wa chini, ambao huuoni, kitenge kikiwa hakikutandazwa vizuri kinajikunja na unakishona na makunyanzi yake.

Nilikuwa nimepiga mistari sita kwa haraka, nikitaka kumaliza kabla vijana wa kartie hawajapita kutoka mpirani. Nikageuza: makunyanzi kila mahali. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu miezi. “Papa, uko unakimbia wapi? Ile ni mashini, haiko treni ya kwenda Lubumbashi. Fungula yote.”

Nikafungua yote, kwa wembe.

Safari ya pili tulifanya hivi. Kitenge cha chini tukakitandaza sakafuni, uso ukiangalia saruji, tukakibana pembeni kwa skochi hadi kikanyooka, bila kukivuta kupita kiasi. Juu yake blanketi, halafu viraka. Nikafunga matabaka kwa pini zile za nepi, moja kila nafasi ya kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Kwenye mashini nikalegeza skurubu ya juu inayokandamiza kiguu, nikarefusha hatua ya mshono kufika milimita 3. Mstari wa kwanza ukapita katikati kabisa, kisha mmoja upande huu, mmoja upande ule, nikifuata mishono ya viraka. Ukianzia pembeni, hewa na kitambaa kilichozidi vinasukumwa hadi upande wa pili na havina pa kutokea. Sehemu ya blanketi inayopita ndani ya mkono wa mashini inaviringishwa kama mkeka, na uzito mwingine unaukalisha juu ya meza au kiti. Ukiuacha uning’inie unaivuta sindano, na mistari inakwenda kilevi.

Ikabaki pindo. Mimi nilitaka kukata bie, tepe za mshazari kama wanavyofanya mafundi kwenye shingo ya blauzi. Mama akakataa: mshazari ni wa mahali penye kupinda, hapa kingo zimenyooka, kata wima, usiharibu kitambaa. Nikakata tepe 4 zenye upana wa sentimeta 6. Makosa mawili kwa mkasi mmoja. Mzunguko wa blanketi ni sentimeta 440. Tepe 4 za 115 ni 460, inaonekana inatosha, lakini viungo vinakula, pembe zinakula, na mwisho lazima tepe ipandane na mwanzo wake. Zinatakiwa 5. Na ule upana: tepe ya 6 ikikunjwa mara mbili inabaki 3. Nikiishona sentimeta 1 kutoka ukingoni zinabaki 2 za kuzunguka unene wa matabaka na kufunika mshono upande wa nyuma. Haikufika. Ya 7 ilifika vizuri. Mimi mwenye lisansi ya uchumi nilishindwa hesabu ambayo mama aliifanya kwa macho.

Pembe ndizo zilimpa mama sauti. Alikuwa anagonga kiti kwa mkono wa kushoto: “Simama! Simama hapo!” Unashona hadi sentimeta 1 kabla ya mwisho wa upande, unarudi nyuma hatua mbili, unakata uzi. Tepe unaikunja kwenda juu, inyooke na upande unaofuata, halafu unairudisha chini ukingo kwa ukingo, na unaanza tena kutoka juu kabisa. Ukiigeuza nyuma, mkunjo unajikalia wenyewe. Pembe ya kwanza nilirudia mara tatu. Ya nne nilishona wakati wenzangu wawili wa promosheni wamesimama dirishani, mmoja akiuliza kama nachukua oda. Nikamjibu angoje, nina pembe mkononi.

Tulimaliza mwishoni mwa mwezi wa tano. Nikaliweka magotini mwake. Hakusema kitu kwanza, alipitisha mkono wa kushoto ukingoni, polepole, upande kwa upande, hadi akafika mahali tepe ilipokutana na mwanzo wake, ambapo pana kinundu kidogo.

“Hapa ndipo ulimalizia?”

“Ndiyo, mama.”

Akaligeuza blanketi, upande ule ukaenda chini, karibu na miguu. “Sasa leta mbabula,” akasema.