Ujumbe Huu ni wa Nani? Upatanisho katika Sarufi na katika Kompyuta

Wanafunzi wengi huuliza kwa nini Kiswahili kina upatanisho wa kisarufi. Katika makala haya mafupi tunapenda kuonyesha kazi yake kwa kuulinganisha na tatizo linalowakabili wataalamu wa kompyuta.

Tuchukue mfano wa duka linalouza vitabu kwa njia ya intaneti. Kila oda huanzisha mchakato wake: kupokea oda, kusubiri malipo, kutuma vitabu. Zikifika oda 500, kompyuta huwa na nakala 500 za mchakato huo, zote zikisubiri malipo. Kisha benki inaleta ujumbe kwamba malipo yamepokelewa. Je, ni wa nakala ipi? Ukipelekwa kusikostahili, aliyelipa atakosa vitabu na asiyelipa atavipata.

Lugha ya WS-BPEL 2.0, iliyoidhinishwa na shirika la OASIS mwezi Aprili 2007, hutatua tatizo hili kwa kuangalia yaliyomo katika ujumbe wenyewe. Mtunzi wa programu huteua kitambulisho, kwa mfano namba ya oda. Ujumbe wa kwanza huanzisha nakala na kuipa namba, tuseme 4471. Namba hiyo ikishawekwa haibadilishwi. Benki nayo sharti iitaje katika ujumbe wake, na kila ujumbe wenye 4471 hupelekwa kwenye nakala hiyo tu.

Sentensi nazo hufanya hivyo. Tukisema, "Niliweka kisu na ndizi mezani, sasa kimepotea," kiambishi ki- kinaturudisha kwenye kisu. Wasemaji wa Kiganda na Kinyankole hawaoni ajabu hapa, kwani lugha zao pia zina ngeli. Lakini tukisema, "Niliweka kisu na kikombe mezani, sasa kimepotea," hatujui kilichopotea ni kipi, maana vyote viwili ni vya ngeli moja.

Vivyo hivyo, jina la mteja halifai kuwa kitambulisho, kwani mteja mmoja aweza kuwa na oda mbili. Panapohitajika, vitambulisho viwili huunganishwa: pale namba za oda zinapoanza upya kwa kila mteja, hutumika namba ya mteja pamoja na ya oda.

Kazi hii ya kuupeleka ujumbe kwenye nakala yake tunapendekeza iitwe "uoanishaji wa ujumbe." Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanakaribishwa kutuletea.